Mdogo wa Mgonjwa

Bariadi, 13 Februari 1994

Dada Esteria,

Shikamoo dada. Naandika haraka maana kondakta wa basi la Mwanza anapita hapa shuleni saa kumi, na uso wangu bado una majivu. Usishtuke. Mwalimu ndiye aliyenipaka.

Unamkumbuka Mwalimu Athanasi wa Kiswahili, yule niliyekuambia anatembea na vitabu kwenye mfuko wa mbolea? Ametunga mchezo wa kuigiza kuhusu ukimwi. Tutauonyesha uwanja wa mpira tarehe 4 Juni, mbele ya watu wote wa mji. Anasema siku hizi magari ya wanunuzi binafsi wa pamba yanafika mpaka vijiji ambavyo zamani hata baiskeli ilikuwa habari, na gari halibebi mzigo tu. Mchezo wenyewe unamhusu dereva mmoja aitwaye Lugembe. Anarudi kwao akiwa mgonjwa, mke anamkimbia, majirani wanasema amelogwa, mwisho anakufa. Basi dada, Lugembe ni mimi! Tulijaribiwa watu kumi na mmoja na nimewashinda wote, hata wa Kidato cha Nne.

Laiti ungeona ninavyoingia. Nashika fimbo, miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo, nakohoa mpaka namwangukia Domitila, ambaye ni mke wangu kwenye mchezo. Jana bwalo zima lilicheka. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi akaja kutazama. Ambaye hakucheka ni Mwalimu peke yake. Nilipomaliza aliniambia, "Endelea kutafuta." Nikamuuliza nitafute nini, akakusanya karatasi zake akaondoka.

Nakuomba koti kubwa la mitumba kutoka sokoni kwenu, linipwaye nionekane nimekonda.

Halafu, mbona Krismasi hukufika Ipililo? Mayu kwa umama wake alikubakizia michembe ya viazi mpaka ikaingia wadudu. Baba anasema tangu shemeji Kasmiri afariki na kile kifua chake, umeolewa na samaki. Alikuwa anatania, lakini hakucheka.

Msalimie Kabula. Mwambie mjomba amekuwa mtu maarufu.

Mdogo wako,
Magese


Lamadi, 27 Februari 1994

Mdogo wangu Magese,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, nikampa na Felisita jirani yangu akasoma. Amesema nikuambie hongera.

Koti nimempa kondakta akuletee. Sikununua. Ni la shemeji yako. Nimelifua mara mbili na kulianika juani. Livae tu, nguo ikikaa sandukuni inaliwa na mende.

Krismasi magari ya kiwanda yalikuwa yanachukua sangara hata siku ya sikukuu. Ukiwaacha wanunue kwa mwingine, kesho hawakujui. Mwombe Mayu anisamehe.

Sasa nikuambie kuhusu mwendo wako. Nilipousoma nilicheka kidogo, kisha nikaacha. Magese, mgonjwa hatetemeki mbele za watu. Mbele za watu anajikaza. Kutetemeka ni kwa wakati akiwa peke yake.

Kasmiri alipokuwa anaumwa alikuwa anakaa kitandani kufunga vifungo vya shati. Anafunga kimoja, anapumzika, anafunga kingine. Akitoka nje anasalimia kila mtu, anauliza habari za ng'ombe, za watoto, za mke. Watu walisema huyu bwana amekuwa na adabu siku hizi. Hawakujua kwamba anavuta pumzi. Na kabla ya kupanda gari lake alikuwa analizunguka, anagonga tairi hili, anagonga lile, mpaka nguvu zimpate za kupanda. Mimi mwenyewe mkewe niliamini anakagua matairi. Kikohozi alikimalizia ndani, mdomo umefungwa, machozi yanatoka, halafu anasema vumbi.

Wewe sasa ni mkubwa, nitakuambia. Haikuwa kifua tu. Ilikuwa huo ugonjwa wa mchezo wenu. Nyumbani niliwaambia kifua na naomba kibaki kifua. Ukicheza, cheza hivyo. Usiwachekeshe watu kwa miguu ya mtu ambaye alikuwa anajitahidi kusimama.

Pasaka usije Lamadi. Nitakuwa Mwanza kwa mambo ya biashara.

Ni mimi dada yako,
Esteria


Bariadi, 19 Machi 1994

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisomea nyuma ya bweni. Nilirudia ule mstari wa kifua mara nyingi. Shemeji alinifundisha kuendesha baiskeli, na wiki ya mwisho nilikaa sebuleni kwenu nikicheza karata, yeye yuko chumbani. Sikuingia. Nilidhani amelala.

Sasa nauliza, na nauliza kwa sababu maneno ya mchezo nimeyashika kichwani na yananisumbua: na wewe je, dada? Mchezo unasema mke naye hupata. Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Siku ya mazoezi nilivaa koti. Sikushika fimbo. Niliingia nikasimama mbele ya viti vitatu ambavyo tunasema ni gari, nikaanza kugonga tairi. Nikagonga moja, nikasalimia, nikagonga jingine. Wenzangu walianza kucheka kwa mazoea, kisha nikasikia kicheko kinapungua nyuma mpaka mbele. Domitila alitakiwa aseme, "Leo umechelewa." Hakusema. Alinitazama, akauliza, "Utakula?" Hilo neno halimo kwenye karatasi. Nami nikajibu, "Nimekula njiani," nalo halimo. Mwalimu alikuwa ameshika chaki, ikamvunjikia mkononi.

"Hicho umekipata wapi?" akaniuliza.

"Kwa dada yangu," nikasema. "Aliona."

Salvatory, anayeigiza jirani, amekasirika. Anasema nimeua vichekesho vyote na watu watalala. Sijali. Niandikie zaidi. Shemeji alikuwa anakulaje? Alikuwa analalaje? Alikuwa anaongea nini na wewe mkiwa wawili?

Lakini nijibu lile la kwanza.

Magese


Lamadi, Jumatatu ya Pasaka, 4 Aprili 1994

Magese,

Nilipima mwaka jana, hospitali moja Mwanza. Waliniambia damu yangu ni safi. Basi tuliza moyo, soma. Safari ya Mwanza iliahirishwa.

Umeuliza kula. Kula ndiyo kazi ngumu kuliko kazi zote. Tonge likiingia mdomoni linakuwa kubwa, unalitafuna na haliishi. Ulimi ni kama umelamba majivu. Harufu ya samaki unaisikia angali mtumbwini. Unawaambia watu nimeshiba, na unakaa nao mpaka wamalize ili wasiulize.

Kulala nako, kitanda ni kile kile lakini kimeota mawe. Unalalia upande huu mpaka nyonga inalia, ukigeuka, mbavu zinaanza. Asubuhi mikono haitaki kukunja. Unashika kisu cha kupara samaki kinaanguka, unajifanya umekiweka chini kwa makusudi, unasugua vidole kwenye kanga, unakiokota.

Mtoto akikukimbilia unafurahi na unaogopa, maana uzito wake utakuangusha. Kwa hiyo unakaa chini upesi kabla hajafika, aone ni mchezo.

Umeuliza tuliongea nini. Nilikuwa namuuliza, "Kasmiri, unaumwa nini?" Anajibu, "Barabara mbovu." Kesho nauliza tena, anajibu barabara mbovu. Miezi saba, barabara. Siku moja mchana nampa uji akashika mkono wangu na kijiko chake, akasema, "Esteria, haikuwa barabara." Nikamwambia najua. Basi. Hatukuongea tena jambo hilo. Nilikuwa na hasira naye nyingi sana, Magese, ila alikuwa ameshakuwa mwepesi mno kuzibeba.

Hilo la mwisho usiliweke kwenye mchezo.

Dada yako,
Esteria


Bariadi, 17 Aprili 1994

Kwa Bi Esteria Mayige,

Salaam. Mimi ni Athanasi, mwalimu wa Magese. Nakuomba radhi kukuandikia bila kufahamiana.

Mdogo wako alileta barua yako darasani akawasomea wenzake ile sehemu ya kula na kulala. Alikuwa na fahari. Aliwaambia, "Sikieni alivyoteseka shemeji yangu." Sehemu uliyomkataza hakuisoma. Baadaye aliniachia karatasi ninakili maneno, na nikaisoma mara kadhaa.

Bi Esteria, shemeji yake Magese alikuwa dereva. Dereva hapari samaki.

Magese hajaliona hilo, na mimi sijamwambia. Si kazi yangu kumwambia. Ninachouliza ni kimoja: nifanye nini na huyu kijana? Kila siku ya mazoezi anavaa lile koti na kufa mbele yangu, na wenzake wanampigia makofi. Ukitaka nimtoe kwenye mchezo, nitamtoa na nitatafuta sababu. Ukitaka niufute mchezo wote, nitaufuta.

Nasubiri neno lako. Barua nampa dereva wa basi, si posta.

Wako katika kazi,
Athanasi


Lamadi, 24 Aprili 1994

Mwalimu Athanasi,

Nakusalimu mwalimu. Barua yako niliikunja nikaiweka kifuani siku tatu.

Umeona sawa. Nilipima kweli, na karatasi niliichomea chini ya chanja ya samaki jioni ile ile niliporudi. Anayejua ni Felisita peke yake. Siku za soko anauza yeye, mimi nakaa nyuma yake napanga.

Magese asiambiwe. Akijua leo, kesho utamkuta hapa Lamadi na sanduku lake. Kwetu hakuna aliyewahi kufika kidato cha tatu, wa kiume wala wa kike. Na baba akijua atasema nimelogwa kwa wivu wa biashara ya samaki. Atauza ng'ombe awape waganga mpaka zizi libaki kinyesi. Namjua baba yangu.

Mchezo usiufute. Na Magese usimtoe. Lakini mwalimu, mtoe kwenye kuugua. Anajifunza kuwa mgonjwa, na huko hakuna cha kumfundisha, kuugua nitaugua mwenyewe. Mfundishe kuwa yule anayekaa karibu. Kwenye mchezo wako mke anakimbia, majirani wanakimbia, sasa nani anamwosha huyo Lugembe? Amekufa mchafu? Mtungie ndugu. Mtungie mdogo wake.

Nakueleza kwa nini. Zitafika siku nitarudi Ipililo, sitaweza kubaki hapa. Mayu macho yamefifia. Baba ataogopa, atasimama mlangoni. Atakayeniinua ni Magese. Aliogopa hata kuingia chumbani kwa shemeji yake, ameniambia mwenyewe. Sitaki siku hiyo iwe mara yake ya kwanza kumshika mgonjwa. Nataka mikono yake iwe imezoea, hata kama imezoea kwa uongo.

Atakasirika. Mwache akasirike.

Mimi,
Esteria


Bariadi, 7 Mei 1994

Dada,

Shikamoo. Nimedhulumiwa.

Mwalimu amenivua Lugembe. Amempa Salvatory! Salvatory, ambaye juzi alikuwa analia kwamba mchezo hauchekeshi. Na koti la shemeji amevaa yeye, na kwapani limeshaanza kuchanika. Mimi nimepewa mtu mpya, anaitwa tu "mdogo wa mgonjwa", hana hata jina. Ana sentensi sita. Nimezihesabu. "Kaka, nimekuja." "Shika hapa." "Maji si ya moto?" Ndiyo mambo kama hayo.

Kazi yangu yote ni kumwinua, kumgeuza, kumwosha mgongo, kumlisha uji. Salvatory ni mzito kama gunia la pamba lililolowa, na anajilegeza kwa makusudi. Mwalimu ananisimamisha kila dakika. "Mkono chini ya shingo, si kwapani." "Mwambie kabla hujamgusa." "Unamwosha mtu au unamwosha ng'ombe?" Wiki iliyopita alimleta muuguzi mmoja, Bwana Constantine, akatuonyesha kubadilisha shuka mtu akiwa bado yuko juu yake. Akasema kushikana, kula pamoja, kulala chumba kimoja, huko ugonjwa haupiti. Kwenye damu ndiko pa kuangalia. Akaniamuru nirudie shuka ile mara tisa. Bweni zima sasa linaniita Nesi.

Nilimfuata Mwalimu ofisini. "Nimekosa nini?" nikamuuliza.

"Hujakosa."

"Sasa mbona umeninyang'anya?"

Alisahihisha daftari moja lote ndipo akajibu. "Hii nafasi ni ngumu kuliko ile, Magese. Ile, hata Salvatory ataiweza."

Maneno ya kumtuliza mtoto. Nafikiria kujitoa. Lakini sitajitoa kabla hujaniambia, maana nilikupata wewe ndipo nikampata Lugembe. Niambie ukweli, niache?

Hata nikibaki na sentensi sita, njoo tarehe 4 Juni. Njoo na Kabula.

Magese


Lamadi, 15 Mei 1994

Magese,

Mwandiko huu ni wa Felisita. Mimi nasema, yeye anaandika, mikono yangu ina chumvi ya samaki.

Usiache. Ukiacha sitakuja.

Sikiliza. Huyo mdogo mtu ndiye niliyemhitaji Kasmiri alipolala, sikumpata. Nilikuwa peke yangu, mgongo ukaniuma mpaka leo. Nitakufundisha nilivyojifunza kwa kukosea.

Usimwambie pole kila mara. Pole nyingi zinachosha, inabidi azijibu. Mpe kitu cha kufanya. Mwambie ashike kikombe, hata kikimwagika. Ukimwosha, funua unapoosha tu, pengine pote pafunike. Usiongee na watu wengine juu ya kichwa chake kana kwamba ameshaondoka. Akikutukana, usiondoke, akimaliza kutukana ataona aibu, wakati huo ndipo utakapotakiwa uwepo. Na usikunje uso. Kila kitu atakusamehe, lakini uso akiuona umekunjwa mara moja hautamtoka.

Salvatory akijilegeza ni vizuri. Mgonjwa wa kweli hana nguvu za kujiinua.

Nikipata gari nitakuja.

Dada yako Esteria, kwa mkono wa Felisita


Bariadi, 5 Juni 1994

Dada,

Nilikuona.

Nilikuwa nimepiga magoti, nimemwegemeza Salvatory kifuani, kitambaa kiko mgongoni kwake. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka nyuma ya magoli. Nikainua macho kukutafuta, nikaliona lori la samaki, na Felisita, na mtu aliyesimama kando yake amejitanda kanga mbili kwenye jua lile. Sikujua ni nani. Kabula akatoka kwenye kundi la watoto, akamkimbilia yule mtu. Na yule mtu akakaa chini upesi kabla hajafika.

Dada, nilijua hapo hapo. Nilijua barua yote, mstari kwa mstari. Nikajua kisu kilikuwa cha nani na kitanda kilikuwa cha nani.

Sentensi zangu zilikwisha kichwani. Kitambaa kikabaki pale pale mgongoni. Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Salvatory akaninong'oneza, "Magese, maji yanapoa." Akaninong'oneza tena, "Niinue." Nikamwinua. Mkono chini ya shingo. Nilimaliza kumwosha, nikamvika koti, nikamlisha, akafa, nikamfunika. Wanasema akina mama walilia. Mimi sikusikia.

Nilipokimbia nje ya uwanja lori lilikuwa limeshaondoka. Kwa nini hukusubiri?

Mwalimu alinikuta nimekaa golini, akanieleza yote na kunipa barua yako ya tarehe 24 Aprili niisome. Sikumshukuru. Nilimwambia maneno mabaya ambayo sitayaandika, na alisimama akayasikiliza mpaka mwisho.

Uliniandikia damu yako ni safi, kwa mkono wako, siku ya Pasaka. Nikalala usingizi mzuri kwa sababu hiyo. Nina hasira na wewe na sijui nizipeleke wapi.

Shule inafungwa Ijumaa. Nakuja Lamadi. Usiandike kunizuia, barua haitanikuta.

Magese


Ipililo, Maswa, 6 Julai 1994

Mwalimu Athanasi,

Shikamoo mwalimu. Kwanza naomba unisamehe kwa yale ya golini.

Nilimkuta dada Lamadi amelala nyumbani kwa Felisita. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kunieleza, na mimi nilikuwa na yangu. Nilipoingia aliniambia tu, "Umerefuka." Nikamwambia, "Dada, nimekuja." Nikacheka, maana ni sentensi yangu ya kwanza. Yeye hakuikumbuka, hakuelewa kwa nini nalia na kucheka.

Tulipanda basi hadi Maswa, kisha mkokoteni wa ng'ombe mpaka nyumbani, Kabula amekaa mbele na mwendeshaji. Mayu alipomshika uso kwa vidole, kwa vile macho hayaoni vizuri, hakuuliza kitu. Akaanza kuchemsha maji. Lakini baba alikuwa kama dada alivyokuambia. Alitutayarishia chumba cha mwisho, kile cha kuwekea pamba, na alikuwa anaongea naye akiwa uani. "Esteria, umeamkaje?" Dada anajibu ndani. Sahani yake ilitengwa. Siku ya nne baba aliswaga ng'ombe wawili kwenda kwa mganga wa kijiji cha pili. Nilimfuata njiani nikamweleza yote, Kasmiri, karatasi ya Mwanza, alivyotufundisha Bwana Constantine. Alinipiga fimbo moja begani. Kisha alisimama pale barabarani muda mrefu, ng'ombe wanakula majani, na mwisho akawageuza. Tukawarudisha zizini.

Nikueleze jambo moja la mazoezi. Siku za kwanza kila nilipomwinua dada nilikuwa namgeuza kuelekea mlangoni, mimi nikikaa nyuma yake. Siku ya tatu akaniuliza, "Mbona unanigeuza hivi? Unamwonyesha nani?" Hapo nikakumbuka kwamba kwenye mchezo ulinitaka nimwelekeze mgonjwa kwa watu wanaotazama. Nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi nigeuzie ukutani, watu wangu wameshaondoka." Sasa namgeuza anakotaka.

Alinitukana mara mbili. Sikuondoka. Uso nilikunja mara moja, mwalimu, siku ya kwanza ya kubadilisha shuka, na aliuona. Nilimwambia najua nimekunja. Akasema, "Huo ndio uso wa kweli. Endelea." Sijui kama amenisamehe.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Jumapili mchana nilikuwa nimetoka kuteka maji. Nikiwa bado uani nikaona baba amesimama mlangoni kwa dada, kofia iko mkononi. Nadhani alidhani niko mbali. Dada alikuwa ameteleza kwenye mto wa kitandani, shingo imepinda, na hakuweza kujinyoosha. Alikuwa hamwiti mtu. Baba anamtazama, yeye anamtazama baba.

Baba akageuka akaniona. Akasema, "Magese. Nionyeshe mikono inawekwa wapi."

Nikaweka ndoo chini. Nikamwonyesha, huu hapa, huo pale, goti moja kitandani, usivute, mngoje aseme yuko tayari. Baba ana mikono ya jembe. Alimwinua. Nilidhani atamweka upya kwenye mto, lakini alisimama naye, akatoka naye nje mpaka kwenye jua ambapo Mayu alikuwa anachambua pamba, akakaa naye kwenye mkeka, kichwa cha dada kiko begani kwake. Mayu akapapasa kujua ni nani wamekaa. Majirani walipita wakasalimia, "Mwadila," na baba akawajibu mmoja mmoja, bila kumshusha. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia.

Tangu siku ile anamwinua asubuhi na jioni. Hajawahi kutaja ugonjwa wala kuomba msamaha. Anamwuliza kama uji una chumvi.

Dada anapungua. Bwana Constantine anaweza kukueleza kuliko mimi, nami sitaki kuandika kila kitu. Anaongea vizuri. Kabula analala miguuni pake.

Uliuliza kama nitakuwepo mchezo ukipelekwa hapa Maswa mwezi wa tisa. Sijui. Kama nitakuwepo, niache kwenye nafasi ile ile. Nina sentensi nyingine mbili tatu za kukuongezea.

Shule inafunguliwa Jumatatu. Nilikusudia nisirudi, na nilishamwambia dada. Alikasirika akakataa kula mpaka nikafuta kauli. Baba naye amesema, "Nenda, mimi ninajua sasa." Basi nitarudi, ila si Jumatatu. Nitafika Jumatano. Naomba ruhusa ya siku hizo mbili nikae pembeni nimtazame baba akimwosha, nione kama hasahau ule mkono wa chini ya shingo.

Mwanafunzi wako,
Magese Mayige